Bingwa Asiyejulikana Kakese

"Bingwa gani huyo ambaye sisi hatujamsikia?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa Bibi Katema wa kijiji cha Kakese, zamani, katika miaka ya hamsini ya karne iliyopita, huku akipepeta ulezi na wala hanitazami. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nimevaa viatu vya kamba, na nilikuwa na tabia ya kubishana na kila mtu, kuanzia padri mpaka karani wa stesheni. Swali lile nililibeba mpaka nyumbani.

Juzi mmoja wenu, nyie mnaokuja kufanya mazoezi pale Shanwe, ameniuliza swali lile lile kwa maneno mengine. Kwa nini bingwa wetu wa uzito wa juu anapita stendi na mfuko wake wa glovu hakuna anayegeuka, wakati yule kijana wa uzito wa unyoya bodaboda wote wanampigia honi? Ukasema, ana mikanda miwili, bibi, na hata muuza chipsi hamjui. Nikakuambia nitaandika, maana kwa mdomo tungelala hapo. Haya, nimeandika.

Kwanza mjue niliingiaje kwenye ngumi. Niliajiriwa kuangalia ukumbi wa wafanyakazi kwenye mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda. Nilikuwa nimeomba kufundisha. Wakaniambia ukumbini pia kuna kufundisha, na ni kweli, jioni mbili kwa wiki nilifundisha watu wazima kusoma. Jioni nyingine niliwasha redio, nilipanga viti vya sinema, niliamua nani anapiga gitaa kabla ya nani, na Jumamosi nilisimamia ngumi. Sikuwa nimewahi kuona mtu akipigwa kwa ratiba. Watu waliniita Bibi Ukumbi, ingawa nilikuwa sijaolewa na wengi wao wangeweza kunizaa.

Mwalimu wa mabondia alikuwa Mzee Fabiani, fundi wa mitambo ya kutobolea miamba, aliyejifunza ngumi jeshini wakati wa vita, huko Burma. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga mikono. Tulichana mashuka yaliyochakaa, tukaanzia kifundoni, tukapita katikati ya vidole, tukarudi kifundoni. Ukimaliza mwambie akunje ngumi kisha aikunjue. Kucha zikibadilika rangi, umemfunga kama mzigo wa kuni, fungua uanze upya. Nawaona mnavyofungana sasa kwa bandeji za dukani, mnavuta kama mnamkaba mtu. Glovu zetu zilijazwa sufi. Msimu wa mvua zilikunywa maji zikawa mawe, na ukizianika juani ngozi ilipasuka, kwa hiyo tulizitundika jikoni, mbali kidogo na moshi. Mabondia wetu wote walinukia maharage.

Na nyusi tulizipaka nta ya nyuki kutoka Inyonga. Nyie mna mafuta ya kopo, mnampaka mtu mpaka anang'aa, raundi ya pili jasho limeyapeleka yote machoni. Nta unaipasha kiganjani kwanza, kisha unaipaka nyembamba juu ya jicho. Glovu inateleza, na nta yenyewe haikimbii jasho. Tuliipata kwa akina mama waliokuja sokoni na asali.

Kengele yangu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, nakigonga kwa bolti. Siku ya kwanza nilisahau kutazama saa, nikatazama ngumi. Raundi iliendelea mpaka mabondia wote wawili wakasimama, mikono chini, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu kama leo tunalala hapo.

Sasa Benedikto.

Benedikto Lumona alitoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Mholoholo, mtoto wa wavuvi. Mgodini alikuwa akisukuma vigari vya mawe kule chini, na vigari vile alivisukuma peke yake ambapo wengine walisukuma wawili. Alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa mgodi na wa jimbo zima, hajawahi kushindwa. Watu wa mabehewa ya mizigo, watu wa mashamba ya tumbaku, askari mmoja kutoka Sumbawanga, wote waliingia ulingoni wima wakatoka wamebebwa. Hata hivyo alipokwenda dukani kununua sabuni, mwenye duka alimuuliza yeye ni mgeni wa nani.

Na palikuwa na Saidi, bondia mdogo, mwepesi, aliyeitwa Cherehani kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda. Saidi alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Alipopita sokoni shughuli zilisimama. Watoto wa Kakese, ambao hawajawahi kuuona ukumbi wetu, walicheza "mimi Cherehani". Hilo liliniudhi kuliko lilivyomuudhi Benedikto. Niliamini kwamba dunia ina mizani, na kwamba mizani ile ilikuwa imeharibika Mpanda.

Nilikuwa na maelezo. Nilisema watu wazito ni wachache, kwa hiyo bingwa wao anakosa wapinzani. Nilisema mapigano yake yanaisha haraka mno, mtu aliyechelewa kupata benchi anakuta watu wanatoka. Nilisema watu humpenda aliye kama wao, na hakuna aliye kama Benedikto. Redioni ukumbini tulisikia mara kwa mara ubingwa wa dunia wa uzito wa juu ukipita mkono kwa mkono huko Amerika, na wiki moja baadaye hakuna aliyekumbuka jina la mshindi. Nikasema, unaona, si Mpanda peke yake. Mzee Fabiani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimeshakausha glovu.

Jambo hili lingebaki ubishi tu kama Benedikto asingetaka kuoa. Alimpenda Veronika wa Kakese, mjukuu wa Bibi Katema, na Veronika alimpenda yeye. Wazazi walikuwa tayari. Bibi hakuwa tayari. Alisema hawezi kumtoa mtoto kwa mtu wa mgodini aliyetoka ziwani peke yake, asiye na ndugu hapa wala mtu wa kumsemea. Mtu wa namna hiyo akiamka siku moja akapanda treni, utamuuliza nani ameelekea wapi? Kwa hiyo Mzee Fabiani alikwenda kama mshenga, na mimi nikachukuliwa, kwa sababu Benedikto alidhani neno la msomi lina uzito. Nikamwambia bibi kwamba huyu ni bingwa. Ndipo akaniuliza lile swali.

Kisha akaliweka wazi zaidi. "Nyie mnamsemea kwa sababu ni wenu. Mimi nataka nimsikie kwa mtu mwingine. Siku nitakayoambiwa habari zake na mtu asiye rafiki yake, rudini."

Njiani Benedikto alikuwa anatungoja penye daraja. Mzee Fabiani alimweleza. Benedikto alinitazama mimi, akasema, "Bibi Ukumbi, wewe umesoma. Mtu anajulikanaje?"

Nilimwahidi kwamba nitalishughulikia. Wakati ule niliamini kila tatizo ni la upungufu wa taarifa.

Nafasi ilikuja upesi. Karakana ya reli ya Tabora ilikuwa na bondia mzito, Masanja, aliyeitwa Behewa, na wenzake waliomba kumleta Jumamosi moja apambane na bingwa wetu. Nikaandika tangazo. Niliandika kama nilivyofundishwa: jina kamili, jina la baba, kwao, kazi yake, sifa zake kwa mpangilio, mahali na saa. Mgodi ulikuwa na lori lenye kipaza sauti. Nikaliomba, nikapanda mbele na dereva, tukaenda mpaka Kakese, na nikasoma mwenyewe kwa sauti ya taratibu, yenye heshima:

"Benedikto Lumona, mwana wa marehemu Lumona wa Karema, mfanyakazi wa mgodi. Mtu mpole, asiyegombana na mtu, aliyefanya kazi kwa bidii, aliyewashinda wote aliokutana nao. Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbini. Wote mnakaribishwa."

Dereva aliendesha polepole sana. Niliona wanawake wanaweka mizigo chini, wanaume wanavua kofia. Nikafurahi. Nikasema moyoni, tazama jinsi taarifa inavyofanya kazi.

Nilichokuwa sijui, na dereva alidhani najua kwa sababu ya kusoma, ni kwamba lori lile lilikuwa halijawahi kufika Kakese kwa jambo lolote isipokuwa kupeleka habari za msiba. Mfanyakazi akifariki mjini na watu wake wako vijijini, lori ndilo lililokwenda kutangaza. Na dereva, kwa mazoea, aliliendesha kwa mwendo wa msiba. Na zaidi ya hapo, huku kwetu wakati ule hakuna mtu aliyesifiwa namna ile akiwa anapumua. Mtu mzima ukimsifu mbele ya watu unachanganya na kebehi kidogo, unamwita mlafi, unataja masikio yake, ili sifa imezeke vizuri. Sifa tupu, kwa mpangilio, na jina la baba juu yake, ilikuwa ni ya maiti.

Jumamosi mchana, Mzee Fabiani akiwa anamfunga Benedikto mikono nyuma ya ukumbi, tukasikia kilio barabarani.

Walikuwa watu wa Kakese. Walikuja wengi, wanawake mbele wamejifunga khanga kiunoni, vichwani unga na maharage, wanaume nyuma na kuku. Veronika alikuwa ameshikwa huku na huku na shangazi zake, na alikuwa analia kilio ambacho sijakisahau. Mbele kabisa alikuwa Bibi Katema, sauti imemkauka kwa kuomboleza. Akapita mlangoni, akamkuta marehemu amekaa kwenye kasha la soda, kifua wazi, kiganja kimoja kimefungwa shuka.

Kilio kilikatika. Veronika alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Bibi alimtazama Benedikto kifuani. "Kumbe unapumua," alisema.

"Napumua, bibi. Shikamoo."

"Nimetoka Kakese nakulilia wewe. Kila niliyekutana naye njiani nimemwambia umekufa."

"Nisamehe, bibi."

"Si wewe wa kuniomba msamaha," akasema, akageuka kunitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, shahada yangu yote imenisaidia kufika hapo.

Mzee Fabiani ndiye aliyeokoa hali. Alisema unga umefika, kuku wamefika, watu wamefika, kwa hiyo wapike, na mechi ikiisha tutakula, ama kwa furaha ama kwa msiba, kutegemea Behewa atakavyoamua. Mtu mmoja akacheka. Mwanzo wa vicheko vya siku ile ulikuwa huo.

Basi wakati wanatafuta mafiga, akaingia mama mmoja wa makamo, amejipaka majivu usoni, amevaa koti la kiume nje ndani, ameshika kibuyu cha asali. Alikuwa Nyamizi, Mkonongo wa Inyonga, mmoja wa wale tulionunua kwao nta. Wazee waliomwona walielewa mara moja, maana hivyo ndivyo mtani huingia msibani. Mnajua utani wa makabila, nyie mnauona kwenye harusi tu sasa. Wakati ule mtani alikuwa na kazi rasmi: kwenye msiba wako ndiye anayekutukana, anamwiga marehemu, analala kaburini mpaka apewe kitu, na hakuna wa kumfukuza. Benedikto hakuwa na mtani hata mmoja Mpanda, kwa sababu Waholoholo mgodini walihesabika kwa vidole na hakuna aliyejua watani wao ni nani. Nyamizi akasema anajua yeye. Wakonongo na Waholoholo ni watani tangu enzi za misafara, na amekuja kumcheka marehemu wake.

"Hajafa, mama," nikamwambia.

"Shauri lake. Mimi nimeshajipaka majivu."

Akaingia ukumbini, akapita mabenchi ya nyuma ya wanawake, akapita mabenchi ya wanaume, akapita viti vya mbele vya mabwana wa mgodi na wageni wa reli, akakaa chini kwenye kona ya ulingo, karibu na miguu ya Benedikto. Mwenyekiti wa kamati alikuja kumwondoa. Wazee wa Kakese wakainuka. Mtani haondolewi msibani. Mwenyekiti akasema hakuna msiba hapa. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba msiba umetangazwa na gari lenu, kama umefutwa, gari lije Kakese lifute. Mwenyekiti alinitazama. Nikagonga reli.

Siku zote Benedikto alimaliza kazi kabla watu hawajakaa vizuri. Siku ile haikuwa hivyo. Masanja alikuwa mnene wa shingo, anasukuma kweli kama behewa, na raundi ya kwanza Benedikto alirudi nyuma mpaka kwenye kamba. Ukumbi ulikuwa kimya, kama ulivyokuwa siku zote akipigana yeye. Ndipo sauti ya Nyamizi ikatoka chini pale.

"Marehemu, mbona unarudi nyuma, kaburi liko mbele."

Watu wakacheka. Benedikto akageuza shingo kumwona ni nani, akala ngumi ya sikio.

"Mnaona watu wa ziwani? Anapigana kama anafukuza inzi kwenye dagaa. Wewe Masanja, usimpige upande mmoja tu, hata sisi tunaosha maiti pande zote."

Hapo ukumbi ulifunguka. Sikuwa nimewahi kusikia watu wakimpigia Benedikto kelele. Hawakuwa wamemchukia miaka yote ile. Waliona tu hakuna pa kumshikia. Mtu mkubwa, mpole, asiyeshindwa, usiye na ruhusa ya kumtania, utamwambia nini? Saidi Cherehani alikuwa na watani kambini kila mahali, na kila aliposhindwa walizunguka wiki nzima wakieleza jinsi alivyoanguka, na kwa namna hiyo wakamjenga. Sasa Benedikto naye alikuwa na mlango, na watu wote wakaingia kupitia humo. Wakaanza kuita, "Marehemu. Marehemu."

Raundi ya tatu Masanja alimwangusha. Ilikuwa ngumi safi ya kidevu, na Benedikto, ambaye hakuna aliyewahi kumwona chini, alikuwa chini. Refa akaanza kuhesabu. Nilimtafuta Veronika kule nyuma, nikamwona amesimama juu ya benchi, mikono kichwani. Bibi Katema alikuwa amesimama pembeni yake.

Nyamizi alijivuta mpaka ukingoni mwa ulingo, akainamisha uso wake wa majivu karibu na uso wa Benedikto.

"Haya," akasema, na kila mtu alisikia. "Hatimaye mmeniletea niliyeitiwa. Baba, lala vizuri, usinikunjie sanda. Veronika nitamtafutia mtu mfupi."

Benedikto alicheka. Nawaambia nilichokiona: alicheka akiwa chali, damu mdomoni, na kicheko ndicho kilichomkalisha. Akapiga goti. Akasimama, huku refa bado anahesabu. Nta ya Inyonga ilikuwa palepale juu ya macho yake, kavu, haijasogea, na Masanja alipokuja kummalizia, ngumi yake iliteleza juu ya nyusi ikapita hewani. Benedikto aliingia chini ya mkono ule. Alipiga mbavu, kisha taya, na Behewa la Tabora likapita katikati ya kamba likaenda kuketi kwenye mapaja ya mabwana wa mstari wa mbele.

Sijui kelele za ukumbi ule nizifananishe na nini. Niligonga reli mpaka bolti ikaniponyoka. Watu walimbeba, na kumbeba Benedikto si jambo dogo, walipokezana kama wapagazi, wakamtoa nje kwenye masufuria ya Kakese, wakiimba kwamba marehemu kafufuka na njaa yake. Nyamizi alikaa pembeni analamba asali kwenye kidole, akiwaeleza wageni wa reli jinsi alivyomfundisha huyu kijana kila anachojua.

Mzee Fabiani hakutaka kungoja siku nyingine. Alimfuata Bibi Katema kwenye moto, akavua kofia, na mimi nikasimama nyuma yake. Alimkumbusha maneno yake ya siku ile. Akamuuliza kama sasa kijana huyu anajulikana kwake, au bado.

Bibi aligeuza kuku kwenye sufuria. "Nimemlilia kutoka Kakese mpaka hapa," akasema. "Sasa nitasemaje simjui?"

Treni iliyofuata ilibeba habari ile mpaka Kaliua, na Kaliua ikaipeleka Tabora, na nilipokwenda huko kununua filamu za ukumbi, mwanamke muuza vitumbua stesheni alinisimulia jinsi Marehemu wa Mpanda alivyomwangusha Behewa, na alikosea kila kitu isipokuwa majivu. Masanja mwenyewe alikuja kwenye harusi. Mtoto wa kwanza wa Veronika alibatizwa Fufuo, jina ambalo padri alilipinga na bibi akalipitisha.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza, jibu langu ni hili. Bingwa wako ana mikanda, hana watu wa kumtania. Mmemfanyia heshima mpaka mmemzika. Mapigano yake yanaisha kwa ngumi moja, na ngumi moja haina masimulizi, mtu hawezi kuipeleka nyumbani. Jumamosi akipanda ulingoni mwiteni jina baya. Taja masikio yake. Usiogope, ni makubwa kweli.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeimaliza habari hii. Baada ya kustaafu nilikwenda Inyonga kutafuta nta kwa ajili yenu, nyie msiotaka kuitumia, nikamkuta binti yake Nyamizi anauza asali palepale alipouzia mama yake. Mama alikuwa ameshafariki. Nikamsimulia utani wa Wakonongo na Waholoholo ulivyomjenga bingwa wetu. Yule binti aliacha kufunga chupa akanitazama. Akasema ukoo wao haujawahi kuwa na utani na Mholoholo yeyote, na kwamba siku ile mama yake alikuwa amemuuzia Benedikto asali asubuhi sokoni, akamwona mzima kabisa. Majivu aliyachota jikoni pale ukumbini na koti aliliazima. Alikuwa mpenzi wa ngumi, akasema, na kutoka kwenye mabenchi ya nyuma ya wanawake alikuwa haoni kitu.